Tanzia ya Baba Fredy Ilifika Kabla ya Kifo

Jumatano, saa nne kasoro asubuhi, niliongea na Baba Fredy kwenye simu. Saa nne na robo nikakuta tangazo la kifo chake mezani kwangu.

Limechapwa vizuri kabisa. Ndugu Mabula Shija, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, amefukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, alfajiri ya siku ya Ijumaa.

Nimeshasema siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Aisee, nililisoma mara nne. Nikasimama, nikakaa, nikalisoma tena.

Mnaosikiliza redio kule kwetu, sauti yangu mnaijua kuliko sura. Naitwa Scolastika, nakaa Kambarage, Shinyanga mjini. Miaka kumi na minne nimesoma matangazo ya vifo kwenye redio ambayo jina lake halisi silitaji. Tuiite Igembe FM.

Kipindi changu kilikuwa mara tatu kwa siku, na kile cha saa saba mchana ndicho kikubwa. Ukianza ule wimbo wa maombolezo, sokoni watu wanashusha sauti na fundi cherehani anaacha pedeli. Kila mtu anataka kujua kama leo ni zamu ya nyumbani kwao.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mezani kwangu kulikuwa na beseni la bluu la plastiki, na karatasi yoyote iliyoandikwa TANZIA, itoke wapi itoke, inatupiwa humo. Mimi naikagua. Iwe na muhuri wa mtendaji. Iwe na jina la aliyeileta. Halafu iwe na ndugu: mama mzazi, kaka, wajomba, shemeji, kila mmoja na kijiji chake. Tangazo lisilo na ndugu silisomi, na hapo nilikuwa mkali kweli, hata watu wakininunia.

Hii karatasi haikuwa na muhuri. Haikuwa na mleta. Haikuwa na ndugu hata mmoja.

Juu yake pembeni kulikuwa na mistari mitatu midogo: habari; tanzia; rambirambi za Mkurugenzi, zimesharekodiwa. Mkurugenzi alikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, ila alitumia mashine ileile ya kuchapa tunayotumia sisi wa chini. Katibu wake alikuta karatasi ina neno TANZIA, akaitupia kwenye beseni kama alivyozoea.

Sasa nikueleze huyo Mkurugenzi ni nani.

Anaitwa Wilbard Kasanda. Zamani alikuwa dalali wa almasi pale Maganzo, anakaa barabarani na kioo chake cha kukuzia, anawatazama vijana wakitoa vijiwe mdomoni. Mimi nilipoajiriwa alikuwa na redio tu. Baadaye akawa na gazeti, televisheni ya mtandaoni na mabango ya barabarani kutoka Shinyanga mpaka Geita.

Kwenye vikao alipenda kusema hivi: "Mbunge anachaguliwa mara moja kwa miaka mitano. Mimi nachaguliwa kila asubuhi mtu anapowasha redio."

Tulikuwa tunacheka, maana bosi akitania unacheka. Kumbe jamaa hakuwa anatania.

Kulikuwa na Mwalimu Bartholomeo, mzee wa watu, alikataa kuuza kiwanja ambacho Kasanda alitaka kujenga mnara. Wiki nzima redio yetu ikamtaja kama mshirikina. Ukiitwa mchawi Usukumani na redio ndiyo imesema, hukai kusubiri ushahidi. Mwalimu alikimbia na familia yake, siku hizi anauza mkaa Ushirombo.

Nilikuwepo studio wiki ile yote. Nilikausha.

Labda ndiyo maana Theonest aliponijia miezi miwili baadaye sikumfukuza. Alikuja kama fundi wa mitambo ya kurushia matangazo, ana ovaroli na kisanduku cha spana. Siku ya tatu akanikuta kantini, akaniambia taratibu kwamba yeye ni mtu wa kitengo, yaani usalama, na kwamba Kasanda ana rekodi za siri za nusu ya wakubwa wa mkoa. Anawapigia simu, anawapa maagizo, nao wanaitika.

Alitaka nimwambie nani anapanda ghorofa ya tatu na lini. Nikamwambia sitaki makuu. Kesho yake nikaanza kumpa majina.

Na Mabula? Mabula ni baba wa mwanangu. Tuliachana miaka tisa iliyopita. Aliifuata dhahabu Geita akaniacha na mtoto, na kwa muda mrefu nilisema mtu huyo kwangu ameshazikwa. Nilikuwa nasema tu kwa hasira. Unamzika mtu mdomoni, halafu siku moja unaletewa karatasi yake.

Asubuhi ile alinipigia kuhusu Fredy, ambaye yuko bwenini kidato cha tatu, alitaka likizo mtoto aende kwake machimboni. Nikakataa. Tukabishana kidogo. Akasema basi tutaongea Ijumaa, maana anaingia chini zamu ya siku mbili, chakula wanashushiwa kwa kamba, na huko chini simu haishiki. Ijumaa lazima atoke mapema kwa sababu maofisa wa madini wanakuja kuamua leseni ya kilima wanachochimba itakwenda kwa nani, kikundi chake au kampuni ya Kasanda. Bila mwenyekiti, kikundi hakina wa kukisemea.

Akaniaga. Akaingia duarani.

Kwa hiyo nilijua yuko wapi, nilijua atafia wapi, na nilijua siku.

Nikapiga picha ile karatasi, nikamtumia Theonest. Akajibu kwamba karatasi peke yake si kitu, mtu yeyote anaweza kuichapa. Lakini hayo maneno ya rambirambi zimesharekodiwa, hapo pana mchongo. Itafute hiyo sauti.

Mimi msoma vifo, mwenye miguu inayovimba, natakiwa niwe jasusi.

Saa sita na nusu Kasanda alishuka kwenda kula. Nikapanda juu. Alikuwa na kistudio chake pale, kompyuta moja na kipaza sauti, anarekodi salamu zake za sikukuu. Nikaliona faili. Limerekodiwa Jumanne. Nikavaa visikizio.

Ilikuwa sauti yake, analia.

Anasema amempoteza Mabula, rafiki, mdogo wake, mpiganaji wa wanyonge. Katikati anasita, anavuta kamasi, anaomba radhi kwa wasikilizaji. Halafu mwishoni, kabla ya kuzima, anamuuliza mtu kwa sauti ya kawaida kabisa kama hapo kwenye kulia kumetoka vizuri.

 Nikanakili kwenye flashi mbili, nikazichomeka ndani ya kilemba changu, chini ya nywele. Nageuka, mlango huu hapa unafunguliwa.

Kasanda alikuwa amesahau miwani.

"Dada Sko. Unatafuta nini huku juu?"

Nikamwamkia. Nikamwambia nimekuja kuomba ruhusa ya Ijumaa, nina msiba.

"Wa nani?"

"Upande wa mume," nikasema.

Hakujua mume wangu ni nani. Kwake sisi tulikuwa sauti tu. Akanipa pole, tena kwa upole, akasema tangazo lake litasomwa bure. Akachukua miwani, akaanza kuifuta na tai yake, akawa hana haraka.

"Unajua kwa nini napenda kipindi chako? Taarifa ya habari watu wanaibishia. Mpira wanaubishia. Wewe ukisema mtu amekufa, hakuna anayebisha."

Nikamshukuru. Niliteremka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Saa kumi jioni nikakutana na Theonest kwa mama ntilie mmoja jirani na stendi. Nikampa flashi moja, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akavaa visikizio, akasikiliza mpaka mwisho, uso ukamchangamka. Nikangoja achukue simu awapigie watu wa Geita, wakamtoe Mabula chini.

Akaagiza chai.

Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, bila hata kunitazama, kwamba wakimkamata Kasanda leo, wakili atasema ni majaribio ya kipindi, na kesho jamaa yuko hewani anawachafua wote. "Lakini tukingoja mpaka Ijumaa, hana pa kutokea."

"Ijumaa mtu atakuwa amekufa, Theonest."

"Wakubwa wanajua."

Akakoroga sukari. Nilitamani nimmwagie ile chai.

Kumbe kwake Mabula alikuwa kielelezo cha mahakamani. Kasanda anamtaka maiti apate kilima, na hawa wanamtaka maiti wapate kesi.

Niliondoka bila kuaga. Nikajaribu simu ya Mabula, haipatikani. Namba za wenzake sikuwa nazo, na hata ningezipata, aliyelipwa kuangusha lile duara lazima awe mmoja wao. Naweza nikampigia huyohuyo. Kituo cha polisi nilikiogopa, maana wakubwa wangapi walikuwa kwenye zile rekodi sikujua.

Nikakaa jikoni kwangu napepeta mchele, na mawazo yananizunguka. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho Mabula alinihadithia zamani, tukiwa bado tunaelewana.

Huko kwao machimboni, mwenzao akifa, nyundo hailii. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yanazimwa. Kila aliye chini anapigiwa kelele kwenye kamba, anapanda juu, awe ameufikia mwamba wa dhahabu au hajaufikia. Wanaamini ukichimba na mwenzio hajazikwa unaita mwingine. Hakuna tajiri wala mwenye duara anayeweza kuwazuia.

Kwa hiyo kitu kimoja tu kingemtoa Mabula chini kabla ya Ijumaa. Msiba.

Na tanzia ya msiba huo ilikuwa kwenye pochi yangu.

Nikiisoma Alhamisi saa saba, wote watapanda. Mabula naye atapanda, atawakuta wanamlilia. Watauliza nani kaandika. Karatasi ya Kasanda itakuwa imetoka siku moja kabla ya wakati wake, na hakutakuwa tena na namna ya kuangusha duara na kusema ni ajali.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwonya kwanza. Mama Mbuke.

Mama Mbuke ni mama yake Mabula, anaishi Songwa, peke yake na kuku wake. Mwanawe aliponiacha, yeye hakuniacha. Fredy amelelewa mikononi mwake mpaka alipokwenda bweni, na likizo bado ni kwake. Tangu moyo ulipomsumbua mwaka juzi akawa hatembei mbali, anakaa na redio yake ndogo. Nikimpigia asubuhi namwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, anaitikia, halafu anaanza kunikosoa nilivyotamka majina ya watu jana.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anapenda kusikiliza vifo, si vinamtia simanzi. Akasema hasikilizi wafu. "Nasikiliza sauti ya mkamwana wangu, nijue umeamka mzima."

Alhamisi saa mbili asubuhi nikampigia. Simu imezimwa. Kwake hakuna umeme, huwa anaipeleka dukani kuchaji, inaweza kukaa huko kutwa. Nikampigia jirani yake, Paskazia. Huyo alikuwa mnadani Maganzo na mbuzi wake wawili.

Nikamwambia neno kwa neno. Saa saba nitatangaza kwamba Mabula amefariki, ni uongo, Mabula ni mzima, nina sababu zangu, nenda ukae na mama kabla ya saa hiyo na umwambie. Paskazia akanirudishia maelezo yote, hakukosea. Akasema saa sita atakuwa amefika nyumbani.

Nikamwamini. Na mimi nikajiwekea kinga yangu: karatasi ile haina majina ya ndugu, basi nitaisoma hivyohivyo, kavu. Mama simtaji.

Saa saba kamili. Fundi mitambo wetu, Kamili, akaweka wimbo. Nilikuwa na matangazo sita. La Mabula nikaliweka la nne, katikati, lisishtue mapema. Pale palipoandikwa Ijumaa nilishafuta kwa kalamu, nikaandika leo.

Nikasoma la kwanza, la pili, la tatu. 

"Inatangazwa tanzia ya ndugu Mabula Shija, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, aliyefukiwa na kifusi duarani alfajiri ya leo."

Karatasi iliishia hapo. Nilitakiwa ninyamaze, niende la tano.

Lakini miaka kumi na minne mdomo wangu haujawahi kuishia hapo. Nilisikia sauti yangu inaendelea, ile ya taratibu, niliyoizoea.

"Habari zimfikie mama yake mzazi, Mbuke wa Songwa."

Nilipogundua nilichosema, jina lilikuwa limeshatoka. Niliganda. Kamili akanitazama kupitia kioo, akadhani nimepaliwa, akanionyesha niendelee. Hewani hakuna cha kurudisha nyuma. Nikasoma la tano kwa sauti isiyo yangu.

Nikajipa moyo. Paskazia yuko naye. Sasa hivi wanacheka.

Simu ya ndani ya studio ikaanza kuwaka. Ilikuwa ghorofa ya tatu. Kamili akapokea, nikamwona anasikiliza, anatikisa kichwa. Baadaye aliniambia Mkurugenzi alimwamuru akate matangazo palepale, naye akajibu kwamba mkono wake hauwezi kukata tanzia katikati, amfukuze tu. Na kweli alifukuzwa.

Nilimaliza la sita. Mlango ulipofunguliwa, Kasanda alikuwa na vijana wake wawili wa ulinzi. Alikuwa anahema.

"Nani amekupa karatasi hii?"

"Nimeikuta kwenye beseni, Mkurugenzi."

"Imeandikwa Ijumaa."

Alisema hivyo mbele ya Kamili na mbele ya vijana wake. Nadhani aliisikia mwenyewe hiyo Ijumaa yake. Nikamwambia ndiyo, niliona imeandikwa Ijumaa, na ndiyo maana nikashangaa.

Hakunipiga. Aliwaambia wale vijana wachukue simu yangu na wanifungie stoo ya kanda, atakuja kuongea na mimi. Mmoja alinishika mkono kwa nguvu mpaka alama ikabaki wiki. Nilipovutwa ukumbini kilemba kikafunguka nikakishika kwa mkono mwingine, nikihofia flashi ya pili niliyokuwa nimeifungia humo. Ya kwanza alikuwa nayo Theonest, lakini Theonest sikuwa namwamini tena.

Stoo ile haina dirisha. Kuna rafu za kanda kuukuu na spika moja ukutani, maana Kasanda aliamuru kila chumba cha jengo kisikie redio yake, hata choo. Nikakaa juu ya boksi. Nikasikiliza muziki, tangazo la sabuni, muziki tena. Nilijiuliza kama kule kilimani redio ilikuwa imewashwa. Nilijiuliza kama waliopo juu wamekwenda kwenye kamba.

Saa moja na nusu hivi. Hujawahi kukaa saa moja na nusu ya namna hiyo.

Saa tisa kilianza kipindi cha salamu cha Loveness, mtangazaji wetu binti mdogo, yule wa kupokea simu za wasikilizaji moja kwa moja. Mpigaji wa kwanza akasalimia watu wake wa Bukombe. Wa pili akaulizwa ni nani na anatokea wapi.

"Naitwa Mabula Shija. Nimesikia nimekufa."

Loveness hakujua afanye nini, akasema haloo, haloo. Yule mtu akaendelea, na sauti nilikuwa naijua mpaka mahali anapovutia pumzi. Akasema wamepanda juu watu zaidi ya mia nne. Akasema wameshuka na tochi kukagua duara lake, wamekuta matimba ya chini, yale magogo yanayoshikilia ukuta, yamekatwa kwa msumeno mpaka katikati, na unga wa mbao bado mbichi. Mtu wa kikundi chao aliyekuwa zamu hapo amekimbia. Akauliza redio, mbele ya mkoa mzima, ni nani aliyewaletea taarifa ya kifo chake.

Kisha akasema, "Mama, kama unanisikiliza, usilie. Niko mzima."

Nililia stooni kama mtoto. Nilimshukuru Mungu, nikaupigapiga ukuta.

Baada ya hapo mambo yalikwenda chapchap. Watu wakaanza kujaa nje ya jengo, wengine wamekuja kutoa pole, wengine kuuliza. Theonest akatia timu na magari matatu, maana sasa hata wakubwa wake wasingeweza kungoja Ijumaa. Yeye ndiye aliyenifungulia. Hakunitazama machoni, na mimi sikumpa mkono. Nikampa nakala ya pili mbele ya wenzake wote, ili asiseme ya kwanza imepotea.

Kasanda alitoka kwa mlango wa mbele, koti mkononi. Umati ukampisha. Hakuna aliyemzomea, na nadhani hilo lilimuuma zaidi.

Nikarudishiwa simu yangu. Ilikuwa na simu kumi na moja za Paskazia.

Mbuzi wake mmoja hakuwa amepata mnunuzi. Alingoja kidogo, akangoja tena, akasema bado ni mapema. Gari alilopanda likachelewa kujaza. Alifika Songwa saa nane.

Alimkuta Mama Mbuke amekaa kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta, mkono umeshika redio. Alikuwa bado na joto. Paskazia akamwita, akamtikisa, akapiga yowe, majirani wakaja, wakamlaza.

Redio hakuna aliyekumbuka kuizima. Saa tisa walikuwa wote wameuzunguka mwili, redio ikasema, Mama, kama unanisikiliza, usilie.

Paskazia aliniambia hayo akilia. Alitaka nimlaumu. Sikumlaumu, ningemlaumu vipi. Yeye alichelewa saa mbili. Jina nililitaja mimi.

Ijumaa Mabula hakwenda kwenye leseni. Alikuja Songwa kumzika mama yake. Maofisa waliahirisha, na baadaye kikundi kilipata kilima chao. Kesi ya Kasanda iko mahakamani, siwezi kuisemea. Redio ina mwenyewe mwingine sasa.

Asubuhi ile ya Ijumaa Fredy aliruhusiwa shule, akapitia studio kabla ya kwenda Songwa. Alileta karatasi ameiandika mwenyewe kwa mkono. Ina muhuri wa mtendaji. Ina jina la mleta. Ina ndugu wote na vijiji vyao, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo akinisubiri kazini. Wa mwisho kabisa aliandika: na mkamwana wake Scolastika, wa Kambarage.

Akaniuliza, "Mama, ile ya jana ulisoma wewe?"

Nikamwambia ndiyo.

 Alisimama nyuma ya kioo na mtu mpya aliyekaa kwenye kiti cha Kamili, akanitazama nikisoma tanzia ya bibi yake, mpaka jina la mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho redioni.

Msibani Mabula alinishika bega akasema nimemwokoa. Alimaanisha, namjua. Baadaye kidogo nikamsikia nyuma ya nyumba anamwambia mjomba wake kwamba mama amekufa akijua mwanawe amekufa. Hakujua niko pale.

Wapo wanaoniambia nilifanya sawa, mtu mmoja mzee mgonjwa kwa maisha ya kijana na wachimbaji wenzake. Wapo wasionisalimia. Mimi mwenyewe kuna siku nasema vile, kuna siku nasema hivi.

Ninachokijua ni hiki, na ndiyo sababu nimeandika. Kasanda alitengeneza habari kwa sababu alitaka kutawala. Mimi niliitumia habari yake ileile kwa sababu nilitaka kumwokoa mtu. Ila ikishatoka hewani, haijui nani ameituma kwa nia gani. Inamfikia kila aliyewasha redio, na wa kwanza kuiamini ni yule anayekupenda, kwa sababu hajawahi kufikiri unaweza kumdanganya. Kwa hiyo wewe unayebonyeza kutuma kwenye makundi yako ya simu, hata kama una sababu nzuri, fikiria kwanza ni nani amekaa mahali fulani anaingoja sauti yako.

Mabula alinipa ile redio ya mama. Ipo kabatini, betri zake bado zimo. Sijaiwasha.